Kinga Ilikuwa ya Rangi Gani?

Kikombe cha chai kilikuwa kimeshapoa na wifi wa Kengele hajakigusa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, umelazwa juu ya mto kama mtoto mchanga anayeogopwa kuamshwa. Macho alikuwa ameyaelekeza ukutani.

"Kunywa basi, wifi."

"Ninywe chai ya mtu anayeniita mwongo?"

"Sijakuita mwongo."

"Wewe umesema kinga ilikuwepo. Mimi nimesema haikuwepo. Humu ndani yumo mwongo mmoja, na mimi si yeye."

Kengele alikiondoa kikombe. Hilo la Kengele halikuwa jina alilopewa na wazazi, lakini hata mumewe alimwita hivyo. Alikuwa na sauti ambayo ikitoka kwenye kona moja ya kiwanda hupita juu ya mashine zote na kurudi na mwangwi. Kwa ajili ya sauti hiyo alipewa kazi ya kuongoza kiitikio cha usalama cha kila asubuhi, na ni kwa ajili ya kiitikio hicho, ingawa bado hakujua, leo wifi yake alikuwa akizungumza na ukuta.

Kiwanda chao kilifua mashuka ya hospitali na ya hoteli. Yaliingia machafu kwa mlango wa nyuma na kutoka meupe kwa mlango wa mbele, na waliokuja kuyalalia hawakupata kujiuliza ni nani aliyeungua ili wao walale pakavu. Katikati ya jengo palikuwa na pasi kubwa: magogo mawili ya chuma, yenye moto ndani, yanayozunguka yakigusana. Shuka bichi huingizwa kwenye mdomo wake kwa mikono, likatokea upande wa pili limenyooka na kukauka. Mbele ya mdomo huo hutakiwa kuwe na kinga, bamba la chuma upana wa kiganja, ambalo vidole vikiligusa mashine husimama palepale. Wifi yake ndiye aliyekuwa akilisha mashuka. Vidole vyake viliingia, na mashine haikusimama.

Bwana Haraka, msimamizi wao, alikwisha kuandika sababu hata kabla gari la wagonjwa halijatoka getini: uzembe wa mfanyakazi. Kwamba kinga ilikuwepo, imeshushwa, na mwenye mkono akaipita kwa kutojali. Neno hilo uzembe likisimama, atafukuzwa, na matibabu atajijua mwenyewe. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba mkono unataka kupasuliwa tena, tena upesi, la sivyo vidole vitajikunja kama kucha za kuku na havitakunjuka tena. Jumatatu afisa wa kazi angekuja kusikiliza mashahidi.

"Si useme tu haikuwepo," mumewe alimwambia jikoni, kwa sauti ya chini ili dada yake asisikie. "Ni dada yangu. Ni wifi yako. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo niliiona."

"Uliiona?"

"Nikifumba macho naiona hata sasa hivi. Nyekundu. Imelala mahali pake, na wifi ananipa mgongo. Halafu ukelele. Niseme sikuiona, wenzangu wote waseme waliiona, nitakuwa nimemsaidia nani? Watasema familia imekaa kitako ikapanga uongo."

Mumewe, dereva wa gari la mikate, alijikuna kichwa. Hakuwa mtu wa mabishano marefu. Lakini jambo lililokuwa likimla Kengele halikuwa hofu ya kiapo peke yake. Aliijua tabia ya wifi yake. Huyu ni mtu aliyemrudisha muuza mkaa kutoka kona ya pili ili kumwambia kwamba amezidisha kipimo. Mtu kama huyo, aliyesimama pua yake ikikaribia kugusa mashine, anasema hakukuwa na kitu. Na yeye Kengele, aliyekuwa nyuma kwenye kitoroli akikung'uta mashuka, anakiona kitu hichohicho mpaka na rangi yake. Inawezekanaje? Swali hilo lilimkaa kichwani kama jiwe kwenye kiatu.

Jioni ile simu ya mumewe ililia wakiwa mezani. Alikuwa rafiki yake mgeni wa mtaa, amepotea njia.

"Nyoosha mpaka njia panda," mumewe alimwelekeza, mkono wa kushoto ukipinda hewani kana kwamba rafiki anauona. "Pale kwa fundi saa, kata kulia. Kwa fundi saa, ndiyo. Huwezi kupakosa."

Kutoka kitandani, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, dada yake alicheka.

"Kaka, fundi saa yupi? Mzee tulishamzika, na kibanda kilishavunjwa. Mwenzio atazunguka mpaka alfajiri akimtafuta marehemu."

"Ah, si kila mtu anajua pale ni kwa fundi saa!"

Kengele aliweka kijiko chini. "Hebu fumba macho."

"Nini tena?"

"Fumba tu, baba. Umefika pale kona. Unaona nini?"

Mumewe alifumba kwa mzaha, kisha uso ukatulia. "Namwona mzee. Ameinama. Ana kile kioo chake jichoni."

"Na leo asubuhi ulipita pale?"

"Kila siku napita."

"Sasa hivi pana nini?"

Mumewe alifumbua macho, akafungua na mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Mtu aliyezunguka mji ule tangu ujana wake, asiyeulizwa kichochoro akakikosa, alikuwa akikodolea chumvi macho kana kwamba jibu limo ndani yake.

"Duka la simu," dada yake akamwokoa. "Lina bango la rangi ya machungwa, kubwa, hata kipofu angelihisi."

"Kweli bwana. Lipo." Alicheka kwa aibu. "Lakini ukiniambia kona ile, namwona mzee."

"Kwa sababu unaisema kona kwa jina lake," Kengele alisema polepole. "Jina linakuletea mzee. Duka la simu halina nafasi ya kuingia."

Wifi yake aligeuza kichwa kutoka ukutani, akamtazama.

Kesho yake Kengele alikwenda kazini na swali badala ya jibu. Asubuhi, kama kawaida, walipangwa mstari uani wakimwelekea Bwana Haraka, mgongo kwenye jengo. Kiitikio kile kililetwa zamani na watu wa usalama, wakakifundisha kwa maneno na mikono pamoja, kwa maana ndani mashine hupiga kelele na mtu hujifunza vizuri zaidi kinywa kikisema na mkono ukitenda.

"Mikono?" Kengele aliita.

"Mikavu!" wakatikisa viganja.

"Nywele?"

"Zimefungwa!" wakagusa vilemba.

"Kinga?"

"Chini!" viganja vyote vikashuka pamoja, pa, kama bawa moja.

"Macho?"

"Mbele!"

Alikuwa ameuliza na kuitikiwa hivyo asubuhi zisizohesabika. Leo, kiganja chake kiliposhuka kwenye neno chini, alijichungulia ndani kama mtu anayechungulia kisima. Na hiyo hapo: bamba jekundu likashuka pamoja na mkono. Mgongo wake uko kwenye jengo. Mashine hata haioni. Na bado ameiona kinga ikishuka.

Kuitazama pasi yenyewe hakukuwezekana. Tangu siku ya ajali ilikuwa imefunikwa turubai kusubiri uchunguzi, ingawa fundi wa mitambo alishaonekana akitoka chini ya turubai hilo, spana mkononi, akitembea kama mtu aliyekanyaga vigae vya moto. Wakati wa chai, wanawake walipokusanyika nyuma ya jengo kwenye mabomba ya mvuke, Kengele aliwakalia karibu.

"Shangazi," alimwambia mzee wao, mkunjaji mashuka ambaye kila mtu alimwita hivyo. "Hebu nikumbushe. Kinga ya pasi ni ya rangi gani?"

"Njano. Kitu cha hatari hupakwa njano."

"Nani kakwambia?" alidakia Mrefu, msichana wa vitoroli, mgeni kuliko wote pale. "Haijapakwa hata kidogo. Chuma kitupu, kinang'aa."

"Mimi naiona nyekundu," Kengele alisema.

Walicheka. "Basi usiku inabadilisha nguo," Shangazi alisema. "Kinga gani hii inayokwenda harusini!"

"Shangazi, lakini uliiona siku ile? Ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, tena nitasema mbele ya yeyote. Tunaisema kila siku, itakosaje kuwepo? Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo, laja."

"Laja lini, Shangazi? Mkono umeshakwenda."

Kicheko kikakatika. Mrefu alitazama chai yake. Hakuna aliyependa kuendelea na mazungumzo hayo, wakatawanyika.

Alasiri nzima Kengele alisukuma vitoroli akijifanyia majaribio, na ungemwona ungedhani ana homa. Alisema kimoyomoyo mlango, na mlango ukaja. Si mlango wowote, ule wa nyumba waliyokulia, wenye komeo lililolegea. Akasema ndoo, ikaja ndoo ya buluu yenye mpini wa waya. Hakuwa ameviita hivyo. Neno lilikuwa likitoka na kurudi na picha mkononi, kama mjumbe asiyependa kurudi mikono mitupu. Basi neno kinga nalo lilikuwa likimletea picha kila asubuhi, na kila asubuhi picha ikikolea, haidhuru bamba lenyewe liko wapi. Ndiyo maana kila mmoja wao ana rangi yake. Waligawiwa neno moja, kila mtu akalipaka kwa brashi yake.

Lakini hilo lilithibitisha nini? Kwamba kinga anayoiona huenda si ile. Halikuthibitisha kwamba haikuwepo. Kilichotakiwa ni kipande cha asubuhi ile ambacho hakuna aliyemfundisha kukisema.

Akaona afukuze maneno. Alianza kuvuma, sauti moja tu, mmmm, kinywa kimefungwa, ili ulimi upate shughuli na neno lisipate pa kupita. Akasukuma kitoroli, akavuma, akairudisha asubuhi ile. Mvuke. Joto la shuka begani. Mgongo wa wifi. Kila neno kinga lilipobisha hodi, alivuma zaidi.

Na ukaja mstari.

Mashuka ya hospitali yana mstari wa buluu uliofumwa ukingoni, ili yasichanganywe na ya hoteli. Aliuona mstari ule ukipanda kutoka mikononi mwa wifi yake, ukifika kwenye mdomo wa pasi, ukiingia katikati ya magogo kama maji yanavyoingia kwenye mfereji. Na nyuma ya mstari, vidole.

Alisimama katikati ya njia, mwenzake akamgonga na kitoroli kwa nyuma.

"Kengele, umelala?"

"Nimeamka," alijibu.

Pale alipokuwa amesimama siku ile, kama bamba lingekuwepo, mstari ungezama nyuma ya bamba kabla haujafika mdomoni. Asingeuona ukiingia. Hakuna kiitikio kilichopata kuuliza, Mstari? Hakuna aliyempa picha ile. Ilikuwa yake.

Jumatatu mashine zote zilizimwa, na kikao kikakaliwa mlemle ndani, viti vikipangwa mbele ya turubai. Afisa wa kazi alikuwa mama wa makamo mwenye kikohozi na subira. Bwana Haraka alikaa pembeni yake akiitazama saa yake, maana mtu yule hata msibani angetazama saa.

Shangazi aliulizwa kwanza. Kinga ilikuwepo. Mrefu naye: ilikuwepo, aliiona kwa macho yake mawili. Walisema bila kigugumizi na bila ubaya, na ndilo lililokuwa baya lenyewe. Hakuna aliyewahonga. Hakuna aliyewatisha. Ukimlipa mtu aseme uongo, siku moja atakugeuka. Ukimfundisha kuusema kila asubuhi kwa furaha na kwa kiganja, ataufia.

"Na wewe mama?" afisa alimgeukia Kengele. "Kinga ilikuwepo?"

"Mpaka juzi nilikuwa najua. Sasa sijui kama ninachojua nilikiona au nilikisema."

Bwana Haraka alitabasamu. "Huyu ni wifi wa majeruhi, mheshimiwa. Tafadhali izingatiwe."

"Naomba kitu kimoja," Kengele alisema. "Kabla turubai halijaondolewa, wenzangu wageuke, kila mmoja aseme kinga ni ya rangi gani."

"Hiki ni kikao, si mchezo wa kitendawili!"

"Mimi napenda vitendawili," afisa alisema, akakohoa. "Geukeni, mama zangu."

Njano. Chuma kitupu. Nyeupe, alisema mwingine. Njano na mistari myeusi. Kila mmoja alijibu kwa uhakika, akashangaa kumsikia wa pili yake. Mwishowe wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, wakamsahau afisa.

"Wanawake hawa wangebishana hata rangi ya maziwa," alisema Bwana Haraka.

"Ondoeni turubai."

Bamba lilikuwepo. Lilikuwa la kijivu, boliti zake mpya zinang'aa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametaja kijivu.

Afisa alimtafuta fundi kwa macho, akamkuta nyuma ya nguzo. "Fundi. Hili ni jipya?"

"Jipya, mama."

"La zamani lilikuwa la rangi gani?"

Fundi alifuta mikono ambayo haikuwa na mafuta. Aliwatazama wanawake waliokuwa bado wanabishana, na kitu usoni mwake kikalegea, kama kamba iliyovutwa mno.

"Kijani," alisema. "Nililipaka mwenyewe, rangi iliyobakia ya geti. Hawawezi kulikumbuka. Liko nyuma ya ngazi tangu kabla ya mvua. Niliambiwa nilitoe, kwamba linasimamisha mashine kila saa na kazi haiendi. Na huyu Mrefu hajapata hata kuliona. Alipoajiriwa lilikuwa limeshatoka."

"Aliyekuambia ulitoe ni nani?"

Fundi hakutaja jina. Alivitazama viatu vya Bwana Haraka, na afisa naye akavitazama, na kila mtu akavitazama.

"Lakini mimi naiona!" Mrefu alipaza sauti, karibu kulia. "Haki ya Mungu naiona! Hata sasa hivi naiona!"

"Uliionea wapi, mwanangu?" Afisa aliuliza taratibu, si kwa kumbana. Alikuwa amekwisha kuacha kuandika. Alitaka tu kujua.

Mrefu aliinua kiganja ili aonyeshe, akakishusha, pa. Kisha akakigeuza, akakitazama kwa muda mrefu kama mkono wa mtu mwingine.

Kengele aliusema mstari wake wa buluu. Afisa alikwenda kusimama pale kwenye kitoroli, akaomba shuka la hospitali lishikwe mbele ya mashine, akainama, akachungulia. Bamba liliuficha mstari kabisa. Akaagiza bamba lifunguliwe, akachungulia tena, akauona mstari mpaka mdomoni mwa pasi, akaguna.

Neno uzembe lilifutwa siku ileile, na kiwanda kikaamriwa kubeba gharama za upasuaji. Bwana Haraka hakufukuzwa. Watu wa namna yake huwa hawafukuzwi, huhamishwa. Mahali fulani sasa hivi anatazama saa. Na walioleta maneno ya usalama, wakayaacha yapigiwe kelele uani huku usalama wenyewe ukiwa nyuma ya ngazi unashika kutu, hao hata kuulizwa hawakuulizwa.

Kengele alifika nyumbani jua lingali juu. Wifi yake alikuwa ameketi sasa, miguu chini. Kengele alimweleza yote: rangi, fundi, kiganja cha Mrefu, mstari. Alipofika kwenye upasuaji wifi yake alishusha pumzi, machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono mzima.

"Ahsante," alisema. Kisha: "Lakini hukuniamini mimi, wifi. Umeuamini mstari. Mimi nilikuambia kwa kinywa changu, ukaninywesha chai."

"Ni kweli."

"Ungekosa kuuona huo mstari, ningekuwa mwongo mpaka leo."

Nje mtu alikuwa akivuta kitu kizito kwenye kokoto.

"Hebu niambie," wifi yake alisema, na sasa sauti yake ilikuwa na udadisi tu, hasira imepungua. "Wewe uliyefukuza maneno ukaona vizuri. Mkono wangu ulipoingia, nilipogeuka kukuita. Uso wangu ulikuwaje?"

Kengele alifumba macho. Akavuma. Mvuke ukaja, mgongo ukaja, mstari ukaja. Mgongo ukageuka, na pale penye uso palikuwa na mvuke.

"Sikuoni," alisema. "Uligeuka?"

"Niligeuka. Tulitazamana."

Akavuma tena, kwa muda mrefu zaidi. Hakuna.

"Basi nieleze," alimwambia.

"Nikikueleza, utaniona kwa maneno yangu. Utakuwa umejipakia rangi nyingine."

"Najua. Nieleze hivyohivyo."

Wifi yake alifikiri. Akamsogezea kigoda kwa mguu, karibu na kitanda, na Kengele akaketi akimtazama usoni, macho wazi, ili anachosimuliwa na anachokiona viingie pamoja.